Shaba na pairiti zinapanda pamoja kwenye povu: tuzitenganisheje?

KatibuMpwapwa ameandika:

Ndugu wanajukwaa, mbukwenyi.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wachimbaji wadogo wenye leseni ya shaba katika wilaya ya Mpwapwa, na wenzangu wamenituma niulize hapa kwa sababu tumefika mahali ambapo nguvu za mikono hazitusaidii tena. Kwa miaka miwili tumekuwa tukichambua mawe kwa mkono na kuyauza kama yalivyo, lakini bei ya mawe ghafi hairudishi hata gharama ya mafuta ya pampu, na mnunuzi wetu sasa anataka makinikia yenye shaba isiyopungua asilimia 18.

Mawe yetu ni meupe ya kwarizi, yenye chembe za njano zinazong'aa, na yale yaliyokaa nje yana ukungu wa kijani juu yake. Tulipima sampuli ya mbale, yaani mawe yenye madini, hapo Dodoma mjini tukaambiwa ina shaba asilimia 2.1. Tukasaga kwenye karasha, tukapitisha kwenye meza ya kutikisa, na tukapata mchanga mzito wa njano uliotufurahisha sana, kwa sababu kwa macho ulionekana kama shaba tupu. Majibu ya maabara yalikuja na shaba asilimia 3.4 na chuma asilimia 38.

Baada ya hapo tulinunua zanthati kwa mfanyabiashara mmoja aliyetuambia kwamba ndiyo dawa ya floteshini, yaani kupandisha madini kwa povu. Tulikata pipa, tukaweka tope, tukamimina zanthati kwa kukadiria na sabuni ya unga kidogo ili povu litoke, kisha tukapuliza hewa kwa mpira wa kompresa. Povu lilipanda kwa wingi, zito na la njano, tukalikusanya na kulikausha. Maabara ikasema shaba asilimia 6, chuma asilimia 36.

Maswali yetu ni haya. Je, mawe yetu ni mabaya, au sisi ndio tunaokosea? Tuongeze zanthati? Na je, ni kweli kwamba tukiweka sianidi kidogo chuma kitabaki chini? Mbale zilizobaki ni tani zipatazo arobaini, nyingi zikiwa zimelala nje tangu kabla ya mvua za mwaka huu.

MzeeWaKinu amejibu:

Ndugu Katibu, mawe yenu si mabaya. Mbale yenye shaba asilimia 2.1 ni nzuri kuliko zile zinazochenjuliwa na migodi mingi mikubwa duniani, ambayo huendesha shughuli zake kwa mbale isiyofika hata asilimia 1. Tatizo lenu ni kwamba mmetumia njia mbili, na kila moja mmeiuliza swali isiloweza kulijibu.

Nianze na meza. Meza, mwalo (mfereji wa kuoshea mchanga) na karai hutenganisha vitu kwa uzito. Dhahabu ina uzito wa mara 19 hivi ya maji, na kwarizi ni mara 2.65, ndiyo maana mwalo unamfaa mchimbaji wa dhahabu. Kwenu nyinyi, madini yenye shaba ni kalkopairiti, ambayo ni mara 4.2 hivi ya maji, na adui yenu ni pairiti, ambayo ni mara 5. Meza ilifanya kazi yake kwa uaminifu kabisa: iliondoa kwarizi, ikawapa kilicho kizito kuliko vyote, na kilicho kizito kuliko vyote ni pairiti. Kalkopairiti safi ina shaba asilimia 34 na nusu hivi, kwa hiyo makinikia yenu ya asilimia 3.4 yana kalkopairiti kama sehemu moja ya kumi tu, na karibu robo tatu ya mchanga ule uliowafurahisha ni pairiti, yaani chuma na salfa. Hakuna meza itakayotenganisha hizo mbili vizuri, hata mkiitikisa mwaka mzima.

Njia ya povu haijali uzito, inajali uso wa chembe. Molekuli ya zanthati ina kichwa kinachopenda kushika chuma, shaba, risasi na jamii yao pale penye salfa, na ina mkia wa mafuta usiopenda maji. Chembe ikishikwa na zanthati inakuwa kama imepakwa mafuta: maji yanaikimbia, na kiputo cha hewa kikiigusa inanasa na kupanda nacho. Kwarizi haishikwi, kwa hiyo inabaki. Shida ni kwamba pairiti nayo ina salfa, na uso wake ukiwa msafi inashikwa vilevile. Ndiyo maana povu lenu lilikuwa zito na la njano. Kuongeza zanthati ni kuipa pairiti nafasi zaidi, na nina hakika mlikwisha kuzidisha tangu mwanzo.

Kinachowatenganisha hawa ndugu wawili ni chokaa. Tope likipandishwa hadi pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 10.5 au 11 na kidogo, uso wa pairiti hufunikwa na utando wa hidroksaidi ya chuma pamoja na kalsiamu ya chokaa yenyewe, na zanthati haipati pa kushika. Kalkopairiti kwenye pH hiyohiyo bado inashikwa vizuri. Hiyo ndiyo siri yote ya viwanda vya shaba.

Lakini kuna utaratibu, na hapa ndipo wengi huharibu. Chokaa iingie kwenye kinu wakati wa kusaga, kabla ya zanthati, ili kila chembe ya pairiti inapovunjika na kufunua uso mpya ikutane na chokaa kwanza. Ukitanguliza zanthati halafu ukakimbilia chokaa, unajaribu kumtoa mgeni aliyekwisha kuketi. Nilifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda kimoja cha Kanda ya Ziwa, na usiku mmoja bomba la chokaa la kwenye kinu liliziba bila zamu yetu kujua. Tuligundua kwa rangi. Povu la shaba kwa kawaida lilikuwa na rangi ya shaba nyeusi iliyokolea, kama chombo cha zamani kisichosuguliwa, na usiku ule liligeuka taratibu kuwa la njano iliyopauka, gumu na lenye kujikunja kingoni mwa beseni. Tulimwaga chokaa kwenye mabeseni kwa ndoo kwa zaidi ya saa moja na hali ilibadilika kidogo sana. Ilipona pale bomba la kwenye kinu lilipozibuliwa na tope jipya likaanza kufika.

Kwa hiyo msirudi kwenye pipa. Anzeni na jaribio dogo la kilo moja. Sageni mbale mbichi pamoja na nusu lita ya maji na chokaa kidogo iliyozimwa. Hakikisheni ni chokaa iliyochomwa na kuzimwa, kwa sababu unga wa mawe ya chokaa unaouzwa kwa ajili ya mashamba hautawafikisha pH 11 hata mkitia gunia zima. Ongezeni maji tope lifike lita 2.7 hivi, ambayo ni kama asilimia 30 ya mbale kwa uzito, pimeni kwa karatasi za pH, na ongezeni chokaa hadi ifike 11. Acheni likorogwe dakika tano. Kisha ndipo zanthati: yeyusheni gramu 10 katika lita 1 ya maji, chukueni mililita 2 tu za maji hayo kwa bomba la sindano, na mtie. Hizo mililita 2 ni sawa na gramu 20 kwa tani, na kwa kuanzia zinatosha. Korogeni dakika mbili, tieni tone moja au mawili ya kitoa povu halisi, iwe MIBC au mafuta ya msonobari, na ndipo mfungue hewa.

Sabuni ya unga iacheni kabisa. Inatoa povu, ni kweli, lakini ina dawa za kutawanya na kulowanisha ambazo zinaingilia kila uso, na povu lake ni la maji mengi, linalobeba kwarizi laini na kuipandisha bila hata kunasa kwenye kiputo. Mpira wa kompresa nao unatoa viputo vikubwa kama mayai, na viputo vikubwa havikutani na chembe ndogo. Kinatakiwa kisu kinachozunguka kwa kasi chini ya beseni ili kipasue hewa kuwa viputo vya milimita moja hivi.

Tafadhali leteni majibu hapa. Ninaamini mtafika asilimia 18.

BintiMaabara amejibu:

Shikamoo Mzee wa Kinu. Ninakubaliana na yote uliyoyasema, ila nina wasiwasi na jambo moja ambalo Kaka Katibu amelitaja kwa kupita tu, nalo ni ule ukungu wa kijani na mbale zilizolala nje msimu mzima wa mvua.

Kijani kile ni shaba iliyokwisha kuoza kwa hewa na maji, mara nyingi malakiti. Ina athari mbili. Ya kwanza ni kwamba zanthati peke yake haiipandishi malakiti ipasavyo, kwa hiyo shaba iliyomo ndani ya kile kijani itakwenda na marudio, yaani mabaki yasiyopanda na povu. Ya pili ndiyo mbaya zaidi: sehemu ya shaba hiyo imeyeyuka, na inapoingia kwenye tope inaenda kujibandika juu ya uso wa pairiti. Pairiti iliyobandikwa shaba inajifanya ni madini ya shaba mbele ya zanthati, na inapanda. Ninadhani hilo limechangia sana matokeo ya pipa lenu.

Mnaweza kulithibitisha bila maabara. Chukueni ndoo ya mawe ya kwenye lundo yaliyosagwa, yaosheni kwa maji kidogo, chujeni maji hayo kwa kitambaa hadi yawe meupe, kisha tumbukizeni msumari mpya uliosuguliwa kwa msasa. Kama ukitoka na ngozi nyekundu ya shaba baada ya nusu saa, maji yenu yamejaa shaba iliyoyeyuka. Dawa yake ni kuanza na mawe mapya kutoka chini ya duara, yaani shimo la kuchimbia, na yale ya zamani kuyaosha kabla ya kuyasaga na kuyapa chokaa mapema kinuni, kwa sababu shaba iliyoyeyuka hukamatwa na chokaa na kutulia.

Vilevile, kabla ya kusaga, jueni mna nini mkononi. Kalkopairiti hukwaruzwa na ncha ya kisu na kuacha unga wa kijani kilichokolea weusi. Pairiti haikwaruziki, kisu kinateleza, na ukiipiga kwa nguvu inatoa cheche. Pitisheni na sumaku pia, kwa sababu kuna ndugu mwingine wa chuma aitwaye pairotiti ambaye baadhi yake hushikwa na sumaku, na tabia yake kwenye povu inatofautiana na ya pairiti.

Halafu kuna suala la kusaga, ambalo kwa maoni yangu lina uzito sawa na chokaa. Hakuna kemikali duniani inayoweza kutenganisha chembe ambayo nusu yake ni shaba na nusu yake ni pairiti. Chukueni sampuli ya unga wa karasha, uosheni kwenye sahani nyeupe, muuangalie kwa lenzi ya mara kumi juani. Mkiona chembe zenye rangi mbili zilizoshikana, hamjasaga vya kutosha. Katika sampuli za shaba ambazo nimezipima, mara nyingi tumeridhika pale asilimia 80 ya unga ilipopita kwenye chekeche la maikroni 75 au 106. Wala msisage hadi iwe kama poda ya uso, kwa sababu chembe za chini ya maikroni 10 hazikutani vizuri na viputo, zinafunika nyuso za wenzake, na zinameza kemikali.

La mwisho, Kaka Katibu, pimeni dhahabu. Pairiti ya nchi hii mara nyingi inabeba dhahabu ndani yake, na ingekuwa huzuni kubwa kuizamisha kwa chokaa na kuitupa shimoni ilhali ina thamani kuliko shaba yenyewe. Tena chokaa nyingi huipunguzia dhahabu huru uwezo wa kupanda, kwa hiyo kama ipo inafaa kuikamata kwa mwalo kabla ya kufika kwenye povu.

MwanafunziWaUchenjuaji amejibu:

Habari za jioni wakubwa zangu. Mimi niko mwaka wa mwisho hapa Dodoma, na vitabu vyetu vinasema kwamba sianidi ya sodiamu ni kizuizi chenye nguvu cha pairiti, na kwamba gramu chache kwa tani zinatosha. Kama ni hivyo, kwa nini Mzee wa Kinu hakuitaja kabisa katika jibu lake? Je, si rahisi kuliko magunia ya chokaa?

AfisaUsalamaMigodini amejibu:

Mdogo wangu, kitabu chako hakijakosea. Sianidi inafanya kazi hiyo, na imetumika tangu 1922, wakati Sheridan na Griswold wa Marekani walipoonyesha kwamba sianidi pamoja na salfeti ya zinki huizuia zinki ibaki chini wakati risasi inapanda. Viwanda vikubwa vinaitumia hadi leo kwa uangalifu. Lakini Katibu anauliza kwa ajili ya kikundi chenye pipa lililokatwa, na kwa hali hiyo ninamwomba kwa moyo wote asiiguse.

Sianidi iko salama kwenye maji tu pale pH inapokuwa juu. Ikishuka karibu na 9 inaanza kugeuka kuwa gesi ya haidrojeni sianaidi kwa wingi, na gesi hiyo inaua kwa dakika chache. Sasa fikirieni lile lundo la Mpwapwa lililolala nje mvua nzima: pairiti ikikutana na maji na hewa inatengeneza asidi ya salfuriki. Mkitia sianidi kwenye tope la mawe ya namna hiyo bila kupima pH, mtakuwa mmetengeneza gesi hiyo mbele ya nyuso zenu. Zaidi ya hayo, sianidi inayeyusha dhahabu na inayeyusha aina kadhaa za madini ya shaba, kwa hiyo mnaweza kuipoteza mali mnayoitafuta. Chokaa peke yake inatosha kwa shaba na pairiti katika hali nyingi, na chokaa mnaijua.

Zanthati nayo si ya kuchezea. Ikikutana na asidi, au ikilowana ndani ya pipa lake, inavunjika na kutoa kaboni disalfaidi, mvuke wenye sumu na unaowaka kwa joto dogo mno, hata la bomba la mvuke. Ihifadhini mahali pakavu, penye kivuli na hewa, mbali na moto wa kupikia. Yeyusheni ya kutosha siku moja au mbili tu. Vaeni glavu na miwani. Harufu ikiwa kali ya kabichi iliyooza, ondokeni hapo kwanza mkiuliza baadaye. Kemikali za viwandani zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na mwuzaji asiyeweza kuwaonyesha usajili wake asiwauzie.

Kuhusu marudio, mkifanikiwa kuizuia pairiti ndipo itakapokuwa yote kwenye marudio. Msiimwage korongoni. Korongo la Mpwapwa likijaa maji mara moja kwa mwaka, asidi na metali zilizokusanyika miezi minane zitashuka siku moja hadi kwenye visima vya watu na mifugo ya watu. Chimbeni bwawa, litandikeni udongo wa mfinyanzi, na mazungumzo na mamlaka ya serikali inayosimamia mazingira myafanye kabla ya kujenga.

MstaafuWaRisasi amejibu:

Nimefurahi kuona mjadala huu, na ninaomba niongeze neno kwa wale wenye mawe ya risasi na zinki, kwa sababu hesabu yao ni ileile ila kwa zamu mbili.

Galena, yaani madini ya risasi, ni nzito, mara 7.5 ya maji, kwa hiyo mwalo na meza vinaiweza. Wazee wetu wanakumbuka kwamba reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa sababu ya risasi ya huko. Kinachosumbua ni sfaleriti, yaani zinki, ambayo ni mara 4 tu. Kule Broken Hill nchini Australia waliondoa risasi kwa uzito miaka mingi na zinki ikabaki imerundikana kama vilima, hadi njia ya povu ilipoanza kutumika hapo kwa wingi mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1912 mtu mmoja wa hukohuko aitwaye Lyster akaonyesha kwamba inawezekana kupandisha galena peke yake kwanza.

Utaratibu wake hadi leo ni huo: unaizuia zinki, unapandisha risasi, halafu tope lilelile unalitia salfeti ya shaba. Shaba inajibandika kwenye uso wa sfaleriti na kuiamsha, na zanthati inaikamata. Mtaona kwamba ni jambo lilelile ambalo Binti Maabara amelisema kuhusu pairiti na ule ukungu wa kijani. Kwa mwenye zinki, shaba iliyoyeyuka ni mwito anaoupiga mwenyewe kwa wakati wake. Kwa Katibu ilikuja bila kuitwa.

KatibuMpwapwa ameandika:

Wakubwa zangu, ninawashukuru sana, na ninaomba radhi kwa kukaa kimya wiki tatu. Tulikuwa kazini.

Tulianza na msumari wa Binti Maabara. Tuliutumbukiza kwenye maji ya mawe ya lundo la nje, tukauacha tukaenda kunywa uji, na tuliporudi ulikuwa mwekundu hadi shingoni. Vijana hawakuamini, wakaleta misumari yao. Maji ya mawe mapya ya kutoka chini ya duara hayakuubadilisha msumari. Kwa hiyo lundo la nje tumeliweka kando, tumefanya majaribio kwa mawe mapya.

Fundi mmoja wa pampu alitutengenezea beseni la lita tatu lenye kisu kinachozungushwa na mota. Tulisaga, tukachekecha kwa maikroni 106, tukaweka chokaa kinuni, na karatasi ikasoma 11. Tulitia mililita 2 za zanthati. Povu la kwanza lilitoka jepesi, halikupanda kwa fujo kama lile la pipa, na rangi yake ilikuwa ileile aliyoieleza Mzee wa Kinu, ya chombo cha zamani. Nilisimama nikaliangalia kwa muda mrefu. Lile la kwanza tulilirudisha kwenye beseni safi lenye maji ya chokaa tukalielesha tena mara mbili bila kuongeza zanthati.

Majibu yamekuja juzi: mbale shaba asilimia 2.1, makinikia asilimia 19, marudio yote kwa pamoja asilimia 0.5. Dhahabu kwenye pairiti ipo kidogo sana, haifikii kufuatiliwa. Mnunuzi amesema atayapokea. Wenzangu wanataka tununue kinu kikubwa mwezi ujao, lakini mimi ninaona ile 0.5 bado inaniuma. Tumepoteza kiasi gani?

MzeeWaKinu amejibu:

Katibu, hongereni sana, wewe na vijana wako, na mwambieni fundi wa pampu kwamba ametengeneza kitu cha maana.

Hesabu yake ni hii. Chukua shaba ya makinikia, zidisha kwa tofauti ya mbale na marudio; gawanya kwa shaba ya mbale iliyozidishwa kwa tofauti ya makinikia na marudio. Yaani 19 mara 1.6, ambayo ni 30.4, gawanya kwa 2.1 mara 18.5, ambayo ni 38.85. Jibu ni 0.78. Mmekamata asilimia 78 ya shaba, na asilimia 22 imekwenda. Kila kilo ya mbale imewapa gramu 86 hivi za makinikia, au kwa lugha ya tani, tani 11 na nusu za mbale zinatoa tani moja ya kuuza.

Kwa jaribio la kwanza la kweli, ninairidhia. Lakini wasiwasi wako kuhusu ile 0.5 ni sahihi, na kinu kisinunuliwe kabla hamjajua imekwenda wapi. Yakausheni marudio, myapitishe kwenye chekeche mbili, ya maikroni 75 na ya 38, mpime shaba katika kila fungu. Ikiwa shaba imelala kwenye fungu nene la juu ya 75, ni zile chembe za rangi mbili, na mnahitaji kinu kinachosaga laini zaidi. Ikiwa imelala kwenye laini kabisa, mnasaga kupita kiasi, na kinu kikubwa kitawaongezea hasara ileile. Na ikiwa imetapakaa sawa kila fungu, jaribuni mililita 3 za zanthati badala ya 2, na kuacha povu likusanywe dakika mbili zaidi. Hizo ni hali tatu zenye vinu vitatu tofauti na bei tatu tofauti.

Mkija Dodoma nileteeni gramu mia mbili za kila fungu kwenye mifuko mikavu, kila mfuko ukiwa umeandikwa pH na tarehe, tuyaangalie kwa lenzi pamoja.